Chungu cha Yungiyungi

“Chungu cha yungiyungi hakifunikwi.” Mmeyasikia maneno hayo barazani, nanyi mnataka kujua yametoka wapi. Chanzo chake ni hiki.

Mwaka ambao mto ulifurika ukazoa mpunga wote, Somoe, mjane wa Mkumba, aliwalisha wanawe yungiyungi. Aliingia bwawani hadi kifuani, akaipapasa mizizi kwa vidole vya miguu, akaing’oa. Mbegu alizikausha, akazisaga, akasonga ugali. Mizizi aliimenya, akaichemsha, akamwaga maji ya kwanza, akaichemsha tena. Majirani nao walikula hayo hayo, lakini walipika ndani, mlango umefungwa na chungu kimefunikwa. Kula mmea wa bwawani ilikuwa aibu. Mtu alikula, akapangusa mdomo, kisha akatoka nje akichokoa meno kana kwamba katoka kula nyama.

Njaa ikiwa bado kali, wakaja washenga kumposa binti yake, Zaituni. Kaka yake Somoe akamnong’oneza, “Dada, funika chungu. Tuseme ni magimbi.”

“Zaituni yu hai kwa chungu hiki. Nikikifunika, nimemfunika na yeye.”

Akakiacha wazi, katikati ya ua.

Mzee Kibwana, baba wa kijana, akachungulia. “Hee! Bi Somoe, tumekuja kuposa au kula na vyura?”

Wenzake wakaangua kicheko. Kaka mtu akainamisha kichwa. Somoe hakuinamisha chake. Alipakua sahani, akaiweka mbele ya mzee.

“Vyura hawaposi, Mzee Kibwana. Chakula cha nyumba hii ndicho hiki. Asiyekila, binti yangu haendi kwake.”

Kicheko kikakatika. Mzee akaitazama sahani, akawatazama wenzake, mwisho akamega kipande. Akatafuna. Akamega kingine.

“Mbona mizizi yako hainuki tope?”

“Kumbe unajua inavyonuka!” alisema Somoe. “Mnapika mmefunika. Mvuke ukikosa pa kutokea, tope linarudi chunguni.”

Kibwana akakohoa. “Mke wangu hufunika, kisha akaweka na kanga juu yake.”

Posa ikapokewa, na sahani zikarudi tupu. Kesho yake, kijiji kizima kilitoa vyungu nje.

Basi mkimwona mtu anakionea haya kilichomwokoa, mwambieni bila kupunguza sauti: chungu cha yungiyungi hakifunikwi.