Imeandikwa Kobe Amegeuzwa

Hadithi iko mlangoni!
Nanyi semeni: Iingie, ikae!
Haya, imeingia. Na wewe uliye pembeni, acha kutafuna unisikilize.

Palikuwa na hospitali ya wanyama, mkuu wake Kiboko. Wauguzi walikuwa watano. Wanne Kiboko aliwachukua wamsugue mgongo bwawani, kwaru kwaru, asubuhi hadi jioni. Akabaki Pelele, kinyama kidogo kiishicho mawen­i, peke yake na wagonjwa thelathini.

Akimpa huyu dawa, yule anaita maji. Akipeleka maji, mwingine anaita choo. Na mwisho wa wodi alilala mzee Kobe, amepooza, wa kugeuzwa kila baada ya saa mbili.

"Mwanangu, umenisahau?" Kobe akauliza.

"Sijakusahau, babu. Sijakufikia."

Alipomfikia alikuta kidonda begani. Pelele akalia. Alijua kidonda kile hakikuletwa na ugonjwa. Akaenda bwawani.

"Mkuu, nirudishie wenzangu. Kobe anaoza."

"Karatasi yake inasemaje?"

"Ina nafasi tupu kila saa ya kumgeuza."

"Sasa si uweke tiki? Kikiandikwa, kimefanyika."

Pelele akatoa karatasi nyingine. "Sawa, mkuu. Basi nitilie sahihi hapa, chakula cha wagonjwa. Uji wa maziwa na asali, mara sita kwa siku."

Kiboko akameza mate, gudu! "Mara sita?"

"Waliolazwa tu."

"Unajua tumbo linaniuma tangu juzi," akasema Kiboko.

Akalazwa. Pelele akasema tumbo bovu halitaki kutikiswa, akamfunga bandeji, viringi viringi, shingoni hadi mkiani, mguu hauinuki. Wale wanne, hawana tena mgongo wa kusugua, wakarudi wodini. Siku hiyo Kobe akageuzwa kwa wakati.

Mchana Kiboko akaita. "Uji wangu uko wapi?"

Pelele akasoma karatasi. "Umekunywa, mkuu. Kuna tiki."

"Nina kiu."

"Umepewa maji. Tiki."

"Ubavu unawaka moto. Nigeuze."

"Umegeuzwa mara tatu. Kikiandikwa, kimefanyika."

Jioni Kiboko akasema kwa sauti ndogo, "Pelele, sijageuzwa."

"Najua, mkuu."

Huruma ikamshika Pelele. Akawaita wenzake, wakamfungua bandeji, wakamgeuza wote watano, wakampa maji na uji. Kesho yake Kiboko alirudi bwawani peke yake, akajisugua kwenye jiwe.

Kidonda cha Kobe kilichukua masika mawili kufunga, na kila alipokiosha Pelele aliomba radhi. Zile nafasi tupu hakuzijaza hata moja.

Hadithi imeaga, imeshika njia. Funzo lake ni hili: ukilazwa, usimsumbue muuguzi kumwambia unaumwa. Soma karatasi yako kwanza, huenda umeshapona.