Sina Bosi

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, simu zilipoanza kuwapangia watu kazi, palikuwa na dereva wa bajaji hapa Mwanza, jina lake Nyamizi. Nasema kifua mbele: ni wa kijiwe chetu! Eti mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu msifuni tu, hatii. Nyuma ya bajaji yake aliandika kwa rangi nyekundu: SINA BOSI.

Abiria aliwapata kupitia kampuni ya Chapuchapu. Kampuni ikampangia nauli, akasema sina bosi. Ikamvalisha shati la kijani, akasema sina bosi. Ikamwambia pita huku, usipite kule. "Bajaji yangu, mafuta yangu," akasema, "sina bosi!"

Siku moja ya mvua, simu ikamtuma akamchukue Kabula, mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Njiani kwenda hospitali wakakuta daraja limefunikwa na maji. Simu ikaandika: Geuza, safari imefutwa. Kabula akalia, "Dada, mwanangu!" Nyamizi akavuka. Mtoto akazaliwa hospitalini, mzima, sauti kama honi. Wakati wa kurudi bajaji ikateleza, ikapinduka, mkono wa Nyamizi ukavunjika.

Akaiomba kampuni imtibie. Bwana Masalu, msemaji wake, akajibu: "Pole sana, dada. Sisi hatukukuajiri, wewe ni mtu huru. Tena umekaidi amri, tumekufungia kazi."

Mtu huru, kakaidi amri! Makubwa haya.

Habari za mtoto zikaenea. Diwani akaandaa ngao ya ushujaa, watu wakafurika uwanjani, na Bwana Masalu naye huyo, tai shingoni. Diwani akatangaza: "Dereva na mwajiri wake, wapande jukwaani!"

Hakupanda mtu.

"Mheshimiwa," akasema Masalu, "abiria tulimtafuta sisi, shati ni letu, sifa ni zetu pia. Ila hilo neno mwajiri, tuliache."

Nyamizi, mkono kwenye hogo la plasta, akamjia juu: "Kwenye sifa mimi dereva wenu, kwenye matibabu mimi mtu huru?"

"Si wewe uliyeandika huna bosi?"

Tukacheka, maana kweli aliandika. Hata yeye akacheka.

Kabula akasimama, mtoto kifuani. "Mimi niliita kampuni, na kampuni ikamleta. Lakini kampuni ilisema turudi. Aliyenivusha ni huyu."

Nyamizi akamnyooshea Masalu mkono wake mzima. "Panda nami, kaka. Unitibie, unifungulie kazi, na mimi leo hii nafuta maandishi yangu. Usipopanda, ngao naichukua peke yangu, na shati lako hili hapa."

Masalu akaweka mguu mmoja kwenye ngazi. Wa pili ukabaki chini.

Haya, wenzangu, tusimwache shujaa wetu njia panda. Kopo la rangi hili, brashi ninayo mimi. Je, Nyamizi alikuwa na bosi, au hakuwa naye? Nifute, au nisifute?