Kura ya Kwato

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmelala njaa? Haya, tena. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Na wewe uliyejificha nyuma ya mama yako, nawe nimekusikia, ingawa umeitika kwa sauti ndogo. Kaa hapo hapo. Hadithi ya leo ni ya sauti ndogo, na si hadithi ya kuchekesha.

Hapo kale, kale hasa, wanyama wa Kilima Mawe na wanyama wa Tambarare walikuwa chini ya baraza moja. Kilima kilikuwa juu, kina nyasi tamu na chumvi ya kulamba. Chini yake ulipita mto, na kando ya mto palikuwa na malisho mapana. Ng'ambo ya malisho ndiyo Tambarare yenyewe, udongo mwekundu, vichaka viwili vitatu, na mashimo. Mashimo huku, mashimo kule, mashimo kila mahali. Ukipita mchana ungesema hapa haishi mtu. Kumbe chini ya nyayo zako wamelala watu, na wake zao, na watoto wao.

Huko Tambarare aliishi Bi Nungunungu. Alikuwa mjane. Alikuwa na mtoto mmoja tu, na mtoto huyo aliitwa Laini. Watoto wote wa nungunungu huzaliwa na miiba laini, halafu miiba hukauka, ikawa migumu, ikawa na mlio. Ya Laini ilichelewa. Wenzake wakijitikisa, chaka-chaka-chaka! Laini akijitikisa, kimya. Akajitikisa tena, kimya. Akamwendea mama yake na uso umemshuka. Mama yake akamwambia itakauka, mwanangu, kila mtu na siku yake.

Giza likiingia walitoka kutafuta mizizi. Mama alitangulia akitikisa miiba, chaka-chaka, chaka-chaka, na Laini akamfuata kwa mlio ule. Mlio ukienda kushoto, naye kushoto. Mlio ukisimama, naye husimama. Hivyo ndivyo walivyoishi.

Basi mvua zikaharibika. Zamani vuli ilikuja kwa zamu yake na masika kwa zamu yake. Wanyama walijua lini wahame na lini wazae. Sasa vuli ikawa haiji kabisa. Masika ikachelewa, ikachelewa, watu wakakata tamaa, kisha ikaja yote kwa pamoja, waaa! Mto ukafura. Ukapanda malishoni kwa wenye kwato, ukazoa ndama wa Kuro na wana wa Swala. Kilimani kukawa na msiba. Kilio chao kilikuwa cha haki, msije mkasema niliwaita wabaya.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Mzee Nyati, mwenye pembe nzito na maneno machache. Akawakusanya wenzake, akawaambia kwamba mvua imebadilika, kwa hiyo nao hawana budi kubadilika. Wakakubaliana kuchimba mfereji mkubwa, ili mto ukifura maji yageuzwe yaende kwingine. Lakini kwingine wapi? Wakamtazama Twiga, aliyekuwa macho ya baraza. Twiga akanyoosha shingo. Akatazama huku, akatazama kule. Akatoa habari kwamba Tambarare iko wazi, haina mtu.

Twiga hakusema uongo. Alisema alichokiona. Ila alikitazama kutoka juu sana, tena jua likiwa utosini, na wenyewe wako ndani wamelala.

Mzee Nyati alikuwa kiongozi anayependa utaratibu. Akasema hatuchimbi hata tonge la udongo kabla wananchi hawajaulizwa. Akamtuma Kanga, mpiga mbiu wa baraza, awatangazie watu wote waje mkutanoni adhuhuri ya kesho. Kanga akaenda. Kwe-kwe-kwe kilimani. Kwe-kwe-kwe malishoni. Kwe-kwe-kwe njia ya mtoni. Alipofika ukingoni mwa Tambarare hakuona hata unyayo. Akalia mara moja hewani, kwe, akageuka. Akaripoti kwamba mbiu imefika kote.

Ile kwe ya mwisho ilimfikia mtu mmoja. Laini alikuwa na homa siku hiyo, na mama yake alikesha naye mchana kutwa. Akaisikia. Akatoka, akaenda kugonga kwa jirani yake, Mzee Muhanga, ambaye baba zake ndio waliochimba mengi ya mashimo yale. Muhanga akapiga mwayo. Akasema mkutano wa adhuhuri ni wa wale wanaoamka asubuhi. "Nenda wewe, mama Laini," akasema. "Ukirudi utatuambia."

Kesho yake Bi Nungunungu akambeba mwanawe, akapanda kilima. Jua likamchoma macho, machozi yakamtiririka njia nzima.

Alipofika, mkutano umejaa. Katikati lipo Jiwe la Baraza, na juu ya jiwe amesimama Mzee Nyati. Ilikuwa desturi yao kwamba hasemi mtu ila aliye juu ya jiwe, na jiwe lilikuwa refu. Wengine wote walijibu kwa kwato. Unayetaka jambo, unapiga kwato. Usiyetaka, unangoja zamu yako, nawe unapiga kwato. Asiyepiga kabisa alihesabiwa kuwa amekubali.

Nyati akaeleza habari ya mfereji. Kisha akauliza nani anaukubali. Ndi! Ndi! Ndi! Ndi! Kilima kikatetemeka. Vumbi likapanda mpaka likamfunika Laini.

Vumbi likatulia. Nyati akauliza nani anapinga.

Bi Nungunungu akainua mguu, akaupiga chini kwa nguvu zake zote. Wayo wake ulikuwa laini, na mwamba ulikuwa mgumu. Hakukutoka kitu. Akapiga tena. Hakukutoka kitu. Basi akasimamisha miiba yake yote, akajitikisa, chaka-chaka-chaka! Na Laini pembeni yake naye akajitikisa, maskini, kimya kabisa, akimsaidia mama yake.

Nyati akainua kichwa. "Nini hicho?"

"Upepo, Mwenyekiti," akajibu Twiga. "Nyasi kavu."

Nyati akangoja kidogo, kidogo tu. Hakusikia kwato. Akatangaza kwamba wananchi wameulizwa na wananchi wamekubali. Umati ukatawanyika, ndi-ndi-ndi-ndi. Bi Nungunungu akakimbia huku akiita kwamba sisi tunaishi kule, jamani, sisi tunaishi kule. Nani wa kumsikia katika kishindo kile? Aliyemsikia ni Kanga, kwa kuwa alikuwa karibu na ardhi kama yeye.

"Bibi, kikao kimefungwa," Kanga akamwambia. "Ungepiga kwato."

"Sina kwato."

"Basi ndiyo hivyo," akasema Kanga, akaenda zake.

Mfereji ukachimbwa. Wenye pembe walichimbua, wenye kwato walisukuma udongo. Bi Nungunungu alirudi kilimani jioni, na jioni nyingine, na nyingine tena. Kila mara aliambiwa angoje baraza lijalo. Akafikiri kuhama. Ahamie wapi? Juu ya kilima ni mwamba, hauchimbiki, na malishoni wangemkanyaga. Akabaki. Katika siku hizo mwiba mmoja wa Laini ukaanza kukauka, mmoja tu, mgongoni. Akijitikisa sana sana, unatoa mlio, cha. Mtoto alifurahi, nyie! Alizunguka shimo zima akijitikisa, cha, cha, cha, mpaka mama yake akacheka, na alikuwa hajacheka siku nyingi.

Masika ikaja. Haikuja giza likiwa limeingia, watu wa Tambarare wakiwa macho. Ilikuja mchana. Mto ukafura. Kanga akapiga mbiu kilimani, akapiga mbiu malishoni, wenye kwato wakakimbilia juu na watoto wao, wakapona wote. Maji yakageuka, yakashika mfereji, yakaenda kule yalikoelekezwa.

Bi Nungunungu aliamshwa na maji usoni. Shimo limejaa giza na mngurumo, bwa-bwa-bwa-bwa. Akamsukuma Laini kuelekea mlangoni, mlango ukawa umeshaziba. Akageukia njia ya pili, ile nyembamba. Akatangulia akitikisa miiba, chaka-chaka, chaka-chaka, nifuate, mwanangu. Akapanda. Akaibuka nje kwenye mvua. Akageuka.

Hakumwona.

Akarudi mlangoni, akatikisa miiba. Chaka-chaka. Akanyamaza, asikilize. Lakini malishoni na kilimani walikuwa bado wanakimbia, ndi-ndi-ndi-ndi-ndi, na ardhi yote ilikuwa inatetemeka. Chaka-chaka. Ndi-ndi-ndi. Akaweka sikio kwenye tope. Akadhani amesikia, mbali sana chini, cha. Mara moja. Hakujua kama ni mtoto au ni jiwe linalogongana na jiwe. Akafukua pale, akafukua mpaka kucha zikatoka damu. Mzee Muhanga akatoka kwake amelowa, akafukua pamoja naye.

Laini hakutoka.

Nyamazeni kidogo. Hata mimi hapa hupumzika.

Maji yale hayakuishia Tambarare. Yaliingia kwenye shimo la Nungunungu, yakatokea la Muhanga, yakapita ya Fuko na ya Panya, na mashimo yale, mnajua, yalikuwa ya tangu enzi na enzi. Yalipita chini ya mto, chini ya malisho, mpaka chini ya kilima chenyewe. Hakuna aliyelijua hilo. Muhanga alijua njia zake, Fuko zake, Nungunungu zake. Kama wangekalishwa pamoja wakaulizwa, habari ingeungana, kipande kwa kipande. Hawakukalishwa. Maji yakala kilima kutoka ndani. Ubavu mzima ukaporomoka, guuudu! Nyasi zikaenda, chumvi ikaenda, Jiwe la Baraza likabingirika hadi mtoni, na Mzee Nyati aliyekuwa amesimama juu yake akavunjika mguu.

Maji yalipopungua, Nyati akashuka Tambarare. Alichechemea, na Twiga na Kanga na wenye kwato wengi wakamfuata. Jua lilikuwa linatua. Kwa mara ya kwanza akawaona wakitoka ardhini, mmoja baada ya mwingine, wenye tope mpaka machoni. Akashangaa walivyo wengi. Akasimama mbele ya Bi Nungunungu.

"Tuliwauliza," akasema, na sauti yake haikuwa na nguvu.

"Mliziuliza kwato zenu," akajibu Bi Nungunungu. "Nilikuja na mwanangu. Alijitikisa mbele yako, Mzee. Mkasema upepo."

Nyati akainamisha pembe. Alilia, na hakujificha. Kisha akaomba afundishwe namna ya kuwauliza watu wa huku. Bi Nungunungu akamwambia mambo mawili tu. Waje saa hii, jua likitua. Na wenye kwato wasimame wima, wasipige hata moja.

Wakasimama. Kimya. Kwanza hawakusikia kitu, wakaanza kutazamana. Kisha kwaru-kwaru, Fuko. Kisha wii-wii, Panya. Kisha Muhanga akapumua, akasema njia yake inaanzia wapi na kuishia wapi, na Fuko akaunganisha hapo, na Panya akaunganisha hapo. Kanga alikwenda shimo kwa shimo, na safari hii aliingiza kichwa ndani. Ikaonekana kwamba mfereji lazima uzibwe, na kwamba mto ukifura uachiwe malisho ya chini, wenye kwato wapande, wajibane juu na watu wa mashimo kwenye ubavu ule ulioporomoka ukawa udongo laini. Wenye kwato wakanung'unika, kwa kuwa malisho yalikuwa yao. Nyati akawatazama. Wakaacha.

Akabaki mmoja. "Nawe, Bi Nungunungu, unakubali?"

Bi Nungunungu hakujibu. Twiga akafungua mdomo ili aseme kama zamani kwamba aliyenyamaza amekubali.

"Hapana," akasema Nyati. "Tunangoja."

Wakangoja. Jua likazama. Nzi wakamsumbua Nyati kwenye jeraha, hakutikisa hata mkia. Wakangoja mpaka miguu ikauma, umati mzima wenye kwato, kimya, wakimngojea mama mmoja. Naye alikuwa amegeukia lile shimo alilolifukua, ametega sikio, kana kwamba anampa mtu mwingine nafasi ya kujibu kwanza.

Mwishowe akajitikisa. Chaka. Mara moja tu.

"Nimesikia," akasema Nyati.

Tangu siku hiyo, nyasi zikitikisika hata kidogo, nyati huacha kula. Husimama, huinua kichwa, hutega sikio, hukaa hivyo kitambo. Mmemwona. Watu husema ni ukali. Si ukali. Anaogopa asije akasema tena ni upepo.

Na funzo ni hili, wakubwa mlishike kabla ya watoto. Mvua zimebadilika na baraza ni lazima lifanye kitu, lakini lianze kwa wale ambao maji yatawafikia kwanza. Liwafuate waliko, saa wanayokuwa macho, liwaulize kwa namna wanayoweza kujibu. Na aliyenyamaza asihesabiwe kuwa amekubali. Angojwe.

Hapa ndipo hadithi yangu ilipochoka, nami naitua. Anayetaka kuibeba, aibebe taratibu.