Chai ya Phuti

"Aliyekataa chai amekataa njia." Mmeisikia kwa shangazi yenu asubuhi, alipomwona mgeni akipita bila kugeuka, nanyi mkaniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Kabla barabara haijafika milimani kwetu, safari zote zilikuwa za miguu. Njia ilipita milangoni mwa watu, na kila mlango ulikuwa na birika la chai ya chumvi na siagi. Msafiri aliketi, akataja jina na kijiji chake, akapewa habari za mbele. Ndivyo tulivyoishi.

Gyalzen alizaliwa Khamdo, kijiji cha juu kabisa. Alikwenda mjini kufanya useremala, akakaa miaka kumi na mmoja. Siku moja akaletewa salamu kwamba baba yake, mzee Nurbu, anaumwa kifua. Akafunga mzigo siku hiyo hiyo.

Alipanda siku tano. Utoto ulimrudia kila alipokanyaga: moshi wa mreteni, kengele za yaki, wale ng'ombe wa manyoya marefu, kuta za mawe yaliyochongwa dua. Moyo ulitamani kukawia, ila hofu ikamsukuma. Adhuhuri ya siku ya nne akafika Lungmo, ambako mjane aitwaye Phuti alikuwa akimenya viazi mlangoni pake.

"Karibu, baba. Chai iko tayari."

"Ahsante, mama. Nina haraka."

"Japo kikombe kimoja. Watoka wapi?"

"Siku nyingine, mama," akajibu bila kusimama, kofia ya mjini imemfunika uso.

Jioni ya kesho yake akafika Khamdo, akakuta mlango wa kwao umefungwa kwa kamba. Jirani akatoka.

"Baba yako tulimteremsha wiki iliyopita. Hewa ya huku ilimshinda. Yuko Lungmo, kwa Phuti. Kwani hukupita hapo?"

 Kulipopambazuka Gyalzen alianza kuteremka, na safari hii hakuona mawe wala hakusikia kengele. Alifika siku ya pili yake asubuhi.

Nurbu alikuwa hai bado, amelazwa kando ya jiko. Akamtazama mwanawe kitambo.

"Niliisikia sauti yako pale mlangoni," akasema kwa shida. "Nikamwambia Phuti, huyo ni mwanangu. Akaniambia, hapana, mwanao asingepita."

Gyalzen akainama, akalia juu ya mikono ya baba yake. Phuti akamimina chai, na safari hii Gyalzen akainywa. Walizungumza hadi alasiri, habari za marehemu mama, za shamba la shayiri, za theluji ya mwaka aliozaliwa. Pumzi ya mzee ilikuwa imebakisha hiyo siku moja tu. Jua lilipogusa vilele, akanyamaza.

Gyalzen hakurudi mjini. Alijenga nyumba kando ya njia ile, na kila mpitaji akamwita ndugu, akamkaribisha chai. Aliyesema ana haraka, Gyalzen alimshika mkono taratibu, akamwambia: aliyekataa chai amekataa njia.