Wimbo wa Kisimani Ndani ya Kompyuta ya Bule

Pale Garsen, mwaka wa tisini na nane, alikuwako mfanyabiashara wa ng'ombe aliyeitwa Bule. Mkarimu alikuwa, hilo tusimnyime, lakini alikuwa haambiliki hasemezeki. Alinunua kompyuta akaiweka sebuleni, na aliyemwonyesha namna ya kuitumia ni Mwanasiti, mwalimu kijana kutoka Kipini. Mwanasiti alimwonya asiguseguse mipangilio ya kioo. Bule akamcheka hotelini mbele ya watu.

"We binti, mimi nimeswaga ng'ombe mia kutoka hapa hadi Malindi. Kidude hiki kitanishinda?"

Watu waliangua kicheko. Mwanasiti akamaliza chai yake, akaenda zake.

Sasa, ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na kitu kisichonunulika. Mama yake Bule, kabla ya kufariki, aliimba wimbo wa kunyweshea ng'ombe kisimani, na Mwanasiti akaurekodi humo. Mama aliaga dunia wakati wa yale mafuriko makubwa, barabara zote zimekatika, hivyo Kadra, dada yake Bule aliyeolewa Hola, hakuwahi hata kuuona uso wake kabla hajazikwa. Sasa Kadra alikuwa njiani, anakuja kuisikia sauti hiyo.

Bule akataka dada yake akute kioo cha fahari. Akaingia kwenye mipangilio, akachagua ukubwa wa juu kabisa na rangi nyingi kabisa, akakubali. Kioo kikawa cheusi tititi! Akazima, akawasha. Giza. Akaipiga kofi ubavuni. Wapi! Bule akahisi kama amemzika mama mara ya pili.

Kadra alipofika, hata chai hakuigusa. "Kaka, mbona huniwashii?" akauliza. Bule alishindwa kumtazama.

Ikabidi avae kofia, avuke barabara hadi kwa Mwanasiti. Alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Mwalimu, nilikukosea mbele ya watu. Niwie radhi. Nimeiharibu ile mashine, na sauti ya mama imo humo."

"Yamekwisha, mzee Bule," akasema Mwanasiti, akachukua mtandio wake.

Mwanasiti aliiwasha kompyuta, na kabla haijaanza sawasawa akabonyeza kitufe cha F8. Ikatokea orodha, naye akachagua kuanza kwa njia ya usalama. Kioo kikafunguka, lakini kwa sura gani! Herufi nono, rangi chache zilizopauka. Bule akaguna. Hata hivyo aliuona wimbo, akaurukia na kuubonyeza. Kimya.

"Umepotea!" akapiga yowe. Kadra akashika kichwa.

"Subirini, jamani! Mzee, ng'ombe akianguka kwa njaa mkamwinua, mnamkamua papo hapo?"

"Laa! Mtamuua."

"Basi na hii ndiyo kwanza imeinuka. Imebeba yale ya lazima tu, na sauti bado haijaamka. Usiikamue kwanza."

Akamkalisha Bule kitini. Yule aliyezoea kuamuru akawa anauliza kila hatua, "Hapa, mwalimu? Nibonyeze?" Hakuona haya tena, hata mbele ya dada yake. Akarudisha ukubwa wa zamani na rangi za zamani, kisha akaizima kompyuta na kuiwasha kwa njia ya kawaida.

Kioo kikawaka vizuri. Bule akabonyeza. Ikatoka sauti ya bibi kizee, yenye kukwaruza, ikiwaita ng'ombe mmoja mmoja kwa majina. Kadra akabubujikwa na machozi, kisha akacheka katikati ya kilio.

"Ndiye mama huyo! Msikie anavyomgombeza yule ng'ombe mwekundu! Kaka, rudia!"

"Alhamdulillahi," akasema Bule, akashusha pumzi, mzigo wote ukamtoka kifuani. Akarudia, akarudia tena, na kila mara alimwuliza Mwanasiti kwanza. Kiburi kilimfungia sauti ya mama yake, na unyenyekevu ukamfungulia. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.