Setilaiti Mstaafu na Tumbo la Fisi

Mwaka ule jua liliikausha nyika ya Mbalala hata vyura wakasahau kuogelea. Sungura alikuwa na watoto wanne waliolala midomo wazi kwa kiu, na roho ilimuuma kila alipowatazama.

Tegemeo la wanyama lilikuwa Setilaiti, mzee aliyekaa angani mahali pamoja miaka yote, akila jua tu, akiwaambia mvua imenyesha wapi. Sauti yake ilishukia kwenye dishi la kilimani. Mlinzi wa dishi, kwa bahati mbaya, alikuwa Fisi.

"Setilaiti amesema maji yako Bonde la Majabali," Fisi alimwambia mfalme Simba mbele ya wanyama wote. "Kesho tuhame. Ila kwanza anadai tena mbavu kutoka jikoni kwako."

Simba, ambaye kiburi hakikumruhusu kuuliza maswali, akaguna, "Apewe."

Sungura akajikuna sikio. Mla jua ametamani mbavu tangu lini? Bonde lilikuwa mbali, watoto wake wasingefika wakiwa hai, na kila mtu alijua nani huwaokota wanaoanguka njiani. Akasimama.

"Mfalme wangu, nasikia Setilaiti amestaafu. Ameacha paja la nyati, apewe wa kwanza kuagwa naye. Nadhani ni Twiga, maana kichwa chake kiko jirani na mbingu."

Mate yakamdondoka Fisi. "Twiga gani? Aliniaga mimi! Mwezi uliopita, kwa mafuta ya mwisho ya injini yake, alipanda juu zaidi akamwachia setilaiti kijana nafasi yake. Paja ni langu."

Wanyama wote wakamgeukia.

"Basi, mjomba," Sungura akauliza kwa upole, "habari za Bonde la Majabali umepewa na nani?"

"Na mbavu zangu," Simba akanguruma, "zimekwenda wapi?"

Fisi akalitazama tumbo lake, akafyata mkia, akatimua mbio. Hakuonekana tena Mbalala.

Tembo akapanda kilimani, akakuta dishi limepindwa kuelekea ardhini. Akaliinua kwa mkonga taratibu, mpaka ikasikika sauti changa, yenye adabu:

"Shikamooni, wazee. Nimewaita mpaka nimechoka. Mvua imenyesha nyuma ya kilima chenu hicho hicho."

Sungura alicheka huku machozi yakimtoka, akawabeba watoto wake wawili mgongoni na wawili kifuani. Kabla ya adhuhuri walikuwa wakinywa.

Njia ya mwongo ni fupi.