Buti la Bi. Pimbi

Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana barabara zilikuwa zimeshachongwa na wanyama walikuwa wamejifunza kuendesha magari, alikuwapo Bi. Pimbi. Mnamjua pimbi? Ni mnyama mdogo, mfupi, anaishi kwenye mawe, na hana mkia wa kumfukuzia nzi. Lakini msimcheke bado. Kaeni vizuri kwanza.

Bi. Pimbi alikuwa dereva wa teksi. Gari lake lilikuwa saluni, yaani lile gari la chini, boneti mbele, viti katikati, na buti nyuma limejifungia peke yake kama chumba cha bibi. Aliachiwa na marehemu mumewe, na kwa gari hilo aliwalisha na kuwavisha watoto wanne. Kila asubuhi alilifuta vumbi kwa kitambaa, akaliambia, "Haya baba, tukatafute," nalo likaitika: pu-pu-pu-vruuum!

Enzi hizo mji mzima wa Mawemeupe uliendesha saluni. Digidigi alikuwa nayo, Ngiri alikuwa nayo, hata Kobe alikuwa nayo, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akibadilisha gia. Kisha yakaingia magari ya juu.

Nyati ndiye aliyeleta la kwanza. Lilikuwa shangingi jeusi, refu, lenye matairi mapana na vioo pande zote mpaka nyuma. Alipopita nalo sokoni, taratibu, kwa makusudi, wanyama waliacha biashara wakatazama. Na tuseme kweli, lilikuwa na mazuri yake. Mashimo liliyavuka kama halikuyaona, tope halikulishika, na abiria aliingia bila kuinama. Ngiri akauza saluni yake. Digidigi akauza yake, akanunua gari ambalo ilimbidi alipandie kwa kigoda. Kobe alikosa mnunuzi, la kwake likawa banda la vifaranga wa Kanga. Haukupita mwaka, kituoni pale chini ya mti wa mkungu ikabaki saluni moja tu.

Abiria wakamkimbia Bi. Pimbi. Walimpita huku wakisema wanataka kukaa juu waonekane. Siku ya saba bila abiria hata mmoja, Nyati, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kituo, alimwita mbele ya madereva wote.

"Bi. Pimbi, kituo hiki sasa ni cha magari ya heshima. Harusi ya binti wa Bi. Mbuni ikishapita, sitaki kukiona kigari chako hapa. Kipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu."

Madereva wakacheka. Bi. Pimbi aliumia, tena sana, maana bila kituo hakuna abiria, na bila abiria watoto wanne watalala njaa. Lakini hakulia mbele yao. Aliuliza kwa adabu, "Mwenyekiti, na kama gari langu likifanya kazi ambayo la kwako limeshindwa?"

Nyati alicheka mpaka pembe zake zikagonga tawi la mkungu, ko!

"Likiweza, nitakuachia nafasi yangu ya kivulini, mimi nikaegeshe juani. Wote hawa mashahidi."

"Wote mashahidi," alisema Bi. Pimbi, akaenda zake.

Sasa tegeni masikio, wanangu, maana bila kipande hiki hamtaelewa lolote.

Kutoka ng'ambo ya mto mpaka mjini kulikuwa na daraja moja, na mlinzi wa daraja alikuwa Fisi. Mshahara hakuwa nao. Zamani wazee wa mji walipatana naye hivi: chakula ambacho jicho lake litakiona ndani ya gari, ana haki ya kukionja; kilichofungiwa, asikiguse. Enzi za saluni mapatano hayo hayakumdhuru mtu. Kila chakula kilipita ndani ya buti, na Fisi aliambulia ndizi moja iliyosahauliwa kitini, au karanga mkononi mwa abiria. Alikuwa mwembamba, mbavu zote nje.

Yalipokuja magari ya juu, ambayo mzigo unakaa nyuma ya viti, kweupe, chini ya kioo, Fisi akanenepa. Aliona kila kitu, akaonja kila alichokiona, na kuonja kwa Fisi mnakujua. Wenye mashangingi walisema hiyo ni kawaida ya safari. Walitaka kuonekana, basi wakaonekana wao pamoja na vyakula vyao. Ni Bi. Pimbi peke yake, aliyekuwa na muda mrefu wa kukaa bila abiria, aliyejiuliza Fisi kaupata wapi ule mwili.

Huko ng'ambo ya mto ndiko alikokaa Bi. Mbuni. Mwaka uliotangulia alimwoza binti yake mkubwa, sherehe ikawa uwanjani mjini. Chakula kilipita darajani ndani ya gari la juu la Kiboko, na kilichofika hakikutosha hata jamvi la wazee. Wageni waliondoka wakinong'ona. Tangu siku ile, Bi. Mbuni akipita sokoni huinamisha shingo yake yote ndefu. Sasa alikuwa anamwoza kitinda mimba wake, na kazi ya kubeba chakula alikuwa amepewa Nyati, aliyejigamba kwamba Fisi anamwogopa.

Asubuhi ya harusi, kabla Nyati hajatoka mjini, Bi. Pimbi alivuka daraja akabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutafuta kazi? Chakula nimeshampa Nyati. Gari lake ni kubwa."

"Sikatai, mama. Mwachie Nyati masufuria. Mimi nipe chakula."

Bi. Mbuni alishusha shingo mpaka sikio likafika mdomoni mwa Pimbi. Pimbi akamnong'oneza, pi-pi-pi, neno baada ya neno. Bi. Mbuni mwanzoni alitikisa kichwa, akasema gari lile ni dogo, halitabeba hata robo. Pimbi hakubishana. Alizunguka nyuma, akatia ufunguo, kliki, akainua mfuniko. Mama wa watu akachungulia, akachungulia tena. Kwa nje lilikuwa gari la chini, lakini buti lake lilikwenda ndani, likaenda, likaenda.

Wakaingia kazini. Pilau yote ilihamishiwa makapuni juu ya majani ya mgomba. Samaki wa kukaanga wakaja, mikate ya kumimina ikaja, na buti likameza kapu baada ya kapu. Kisha wakayageukia yale masufuria matatu makubwa ambayo Nyati angekuja kuyabeba. Chini walitia ukoko wa wiki nzima, wakashindilia maganda ya ndizi na miiba ya samaki, na juu wakatandaza pilau kidogo, kiasi cha kuficha aibu, na vipande vichache vya samaki vikae machoni. Wakafunika. Pimbi akashusha buti, kliki, ufunguo akauning'iniza shingoni.

Nyati akafika na honi yake, paaa! Gari lilikuwa limefungwa riboni kila upande. Alipomkuta Bi. Pimbi akifua vitambaa vya jikoni, alimuuliza kwa kejeli kama siku hizi amekuwa mtumishi. Pimbi alimjibu kwamba amekuja kusaidia shughuli, na kwamba atamfuata nyuma kwa nyuma. Nyati akamwambia asimsogelee sana, kigari chake kitamtia aibu kwa wageni. Masufuria yakapakiwa nyuma ya kioo, yakang'aa juani, na mwendo ukaanza.

Darajani Fisi alikuwa amesimama katikati ya njia, kitambi mbele. Bi. Pimbi alisimamisha gari lake nyuma ya shangingi, mikono ikiwa imekamata usukani. Kila neno alilisikia.

"Mwenyekiti, naona masufuria matatu," alisema Fisi. "Nami nina haki yangu."

Nyati alikoroma, akapiga kwato sakafuni. Lakini mapatano ni mapatano, na pembeni mwa daraja walikuwa wamejaa wanyama waliokuja kutazama magari ya harusi. Mtu aliyejitengeneza ili aonekane, ataonekanaje akigombea wali na Fisi? Alimwambia aonje kidogo tu, kisha akatazama mbele, kidevu juu, kwa sababu wakubwa hawageuki kuhesabu matonge.

Fisi alifungua mlango wa nyuma. Hakuinama hata kidogo, sakafu ya gari ilikuwa sawasawa na kidevu chake. Akafunua sufuria la kwanza. Chapu, chapu, chapu! Akala pilau, akala samaki, na alipofika kwenye ukoko hakusita, maana Fisi hachagui. Alikwenda mpaka chini, akaramba pembeni, akahamia la pili, kisha la tatu. Alipomaliza aliyafunika yote vizuri, akapiga bati la gari kwa kiganja, pwa pwa, akamruhusu mwenyekiti apite. Nyati akaondoka bila kugeuka.

Ikawa zamu ya Bi. Pimbi. Gari lilikuwa limelemewa. Lilipopanda tuta la darajani, tumbo liliburuza chini, kwaruuu! Fisi alikuwa ameegemea nguzo, anapumua kwa shida, lakini macho yake yalikuwa wazi.

"We Pimbi, mbona gari lako limekalia mkia?"

Hapo angeweza kudanganya. Angesema ni mawe, angesema ni maji. Lakini Bi. Pimbi aliwajua vizuri waliomcheka mwaka mzima.

"Ni mzigo, Bwana Fisi. Nimebeba chakula chote cha harusi. Pilau, samaki, mikate, vyote vimo kwenye buti."

Fisi alimtazama. Akalitazama gari. Kisha akaangua kicheko, hihihiii-hu-hiii, akajishika ubavu.

"Chakula cha harusi nzima kiingie humo? Sema springi zimekwisha, mwanamke, usione haya. Hata mimi chakula cha harusi nimekiona kwa macho yangu, kimepita sasa hivi."

"Kama huniamini, ufunguo huu hapa. Mwenye gari mwenyewe nimekuruhusu. Inama ufungue."

Akautoa ufunguo shingoni, akaunyoosha dirishani. Fisi aliutazama, akasogea hatua moja, na harufu kidogo ikampita puani. Lakini mdomo wake wote ulikuwa unanuka pilau, angejuaje ya nani ni ipi? Na buti la saluni, wanangu, liko chini. Lazima uiname. Fisi alijaribu kukunja mgongo, tumbo likakataa. Alikuwa amezoea kula wima.

"Nenda, nenda zako," alisema. "Usinipotezee muda na mkweche wako."

"Ahsante, bwana," alisema Bi. Pimbi, akaingiza gia.

Uwanjani wageni walikuwa wameshaketi jamvini. Nyati aliegesha katikati, mahali ambapo kila mtu angemwona, akaamuru masufuria yashushwe mbele ya wazee. Likafunuliwa la kwanza: tupu. La pili: tupu. La tatu lilikuwa na ganda moja la ndizi. Tumbo la mzee mmoja likasikika, ngurrr. Nyati alifungua mdomo kueleza habari za daraja, akakumbuka alivyojigamba, akaufunga.

Kwaruuu! Saluni ikapanda tuta la uwanjani. Bi. Pimbi akashuka, akazunguka nyuma, kliki. Mvuke wa pilau ukatoka kwanza, kisha likatoka kapu, na kapu, na kapu, mpaka watoto wakaanza kuyaimba. Wageni walikula wakashiba, wakafungiwa na vya kupelekea nyumbani. Bi. Mbuni alisimama katikati ya uwanja na shingo yake yote imenyooka, akilia kwa furaha bila kujificha.

Nyati alimfuata Bi. Pimbi kando, akamuuliza kwa sauti ya chini amepitaje kwa Fisi.

"Nilimwambia ukweli, mwenyekiti."

Kesho yake shangingi lilikuwa limeegeshwa juani, bati linachoma, na chini ya mkungu ilipumzika saluni iliyofutwa vumbi. Sisemi kwamba mji wote ulirudi kwenye saluni. La, wanaopenda kukaa juu wako juu mpaka leo. Lakini kila mwenye harusi, mwenye sadaka, au mwenye samaki wake wawili anaowataka nyumbani wakiwa wawili, alikwenda moja kwa moja kwa Bi. Pimbi, na watoto wanne hawakulala njaa tena.

Na Fisi? Habari alizipata kwa wageni waliokuwa wakirudi makwao, kila mmoja na kifurushi chake. Alikaa chini pale pale darajani, akajipiga paji la uso.

"Aliniambia," alisema. "Aliniambia mwenyewe, akanipa na ufunguo."

Ukimdharau mdogo, hata akikwambia kweli hutamsikia.